eCitizen ilipozimwa 2023: waliiba ama walituzibia mlango?

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, mnakumbuka Julai 2023? Unataka tokeni za stima, inagoma. Tiketi ya treni, wapi. eCitizen haifunguki. Kikundi cha Anonymous Sudan kikajitangaza kuwa ndicho kimefanya, na uoga ukaingia: data zetu zimeibwa!

Tulia kwanza. Fikiria Daraja Mbili siku ya soko. Watu mia wanajazana kwa kibanda cha mama mboga, wanauliza bei tu, hawanunui. Mteja wa kweli hapiti. Hakuna nyanya imeibwa, lakini biashara imesimama. Ndivyo eCitizen ilivyolemewa: maombi feki mengi kuliko mitambo ingeweza kubeba. Waziri Eliud Owalo alikubali shambulio lilikuwepo, akasema data haikupotea. Oktoba 2024, Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan.

Kinachoniuma mimi ni tarehe. Juni 30, serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Hata mwezi haukuisha, mlango ukazibwa, wageni wakaanza kupewa viza wakishatua. Mlango mmoja unaturahisishia sisi, na adui pia.

Kwa hivyo ukisikia habari za wadukuzi, uliza: wameziba mlango ama wameingia ndani? Wakiziba, subiri. Wakiingia, badilisha paswadi. Na mtu akikupigia eti anakusaidia kurudisha akaunti, halafu aulize PIN, kata simu. Huyo hahitaji kuvunja mlango, wewe ndio unamfungulia.