Sauti Nne za Mario
Katika gemu zote za zamani, muziki ninaoupenda zaidi ni wa Super Mario Bros., uliotungwa na Koji Kondo wa Nintendo mwaka 1985. Gemu nzima, picha na muziki pamoja, ilikuwa kilobaiti 40 tu! Sisi leo tunalia gigabaiti hazitoshi.

Kondo alitumia chaneli nne: mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, na moja ya kelele tupu aliyoigeuza ngoma. Milio ya gemu nayo ilipitia humo humo. Hebu sikiliza vizuri: Mario akiruka, sehemu moja ya muziki hunyamaza kidogo, kisha inarudi. Wengi hawatambui, wako mbioni kukwepa kasa.

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kufika huko.