Kimondo cha Kapoeta na swali la uhai Mirihi

Jioni ya tarehe 22 Aprili 1942, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimepamba moto, jiwe lenye uzito wa zaidi ya kilo 11 lilianguka kutoka angani huko Kapoeta, upande wa mashariki wa jimbo la Ikweta. Nchi nzima ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza na Wamisri uliokuwa na makao yake Khartoum, na Juba ilikuwa mji mdogo wa serikali kando ya Nili.

Leo ukitoka Juba kwa gari, ukapita Torit na kuendelea mashariki, utafika Kapoeta. Wengi wetu tunaifahamu kwa ng'ombe wa Watoposa, kwa dhahabu inayochekechwa mchangani, na kwa barabara inayokwenda Nadapal hadi mpaka wa Kenya. Wataalamu wa vimondo wanaifahamu kwa lile jiwe. Vimondo hupewa majina ya mahali vilipoangukia, kama Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, na kwa desturi hiyo jina la Kapoeta limo katika maandiko ya sayansi tangu miaka mingi kabla Sudan Kusini haijawa taifa.

Inapoandikwa historia ya kutafuta dalili za uhai wa kale katika mawe ya Mirihi, hutajwa Antaktika, Houston na London. Kapoeta haitajwi, wala kimondo chake hakikutoka Mirihi. Hata hivyo, ujuzi uliowawezesha wanasayansi kusema kwa uhakika kwamba jiwe fulani ni la Mirihi ulinolewa kwa mawe ya aina hii, na la Kapoeta lilikuwa miongoni mwa yaliyofunza mengi.

Kimondo hiki kikikatwa na uso wake kusuguliwa hadi ulainike, huonekana rangi mbili. Kuna vipande vyeupe vyeupe, vikubwa kwa vidogo, vilivyotapakaa katika unga wa kijivu iliyokoza ulioshikamana ukawa jiwe. Ni kifusi cha kale: miamba iliyopondwapondwa kwa kugongwa na mawe mengine angani, kisha ikagandamana upya. Wataalamu huliweka jiwe hili katika kundi la hawaditi.

Katika miaka ya 1960, Josef Zähringer na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walipima gesi zilizofungiwa ndani ya kimondo cha Kapoeta. Sampuli hupashwa moto katika chombo kilichoondolewa hewa yote mpaka iachie gesi ilizozishika, kisha gesi hizo hupimwa moja moja: heli, neoni, agoni. Hizi ni gesi zisizopenda kuungana na kitu kingine, ndiyo maana hubaki ndani ya jiwe kwa mabilioni ya miaka bila kubadilika. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Sehemu nyeusi za jiwe zilikuwa zimejaa gesi, ilhali zile nyeupe, zilizo milimita chache tu kando yake, zilikuwa nazo kidogo mno.

Mwaka 1964 Hans Suess, Heinrich Wänke na Frank Wlotzka walitoa maelezo. Jua hupuliza angani mkondo usiokatika wa chembe zenye umeme, na chembe hizo hujipachika kwenye vumbi la gimba lolote lisilo na hewa ya kulikinga. Unga mweusi wa Kapoeta, kwa hiyo, uliwahi kuwa vumbi lililolala juu ya uso wa ulimwengu mdogo, likipigwa na Jua. Mwaka uliofuata watafiti wa Bern, Uswisi, walithibitisha wazo hilo kwa jiwe jingine la Sudan, Khor Temiki, lililoanguka mwaka 1932. Waliziondoa ngozi za chembe zake kwa tindikali na kukuta kwamba gesi ilikuwa imekaa juu juu, si katikati ya chembe. Mwaka 1969, Devendra Lal na R. S. Rajan wa India, na kundi jingine la Ufaransa chini ya Paul Pellas, waliziangalia chembe za Kapoeta kwa hadubini wakaona michirizi midogo mno iliyoachwa na chembe za Jua zilizopenya ndani ya madini. Mwaka huohuo wanaanga wa Apollo 11 walirudi na udongo wa Mwezi, nao ukakutwa na gesi za Jua vilevile. Kabla binadamu hajakanyaga Mwezi, jiwe la Kapoeta lilikuwa limekwisha kuonyesha jinsi vumbi la ulimwengu usio na hewa linavyohifadhi historia ya Jua.

Somo hili ndilo lililofungua mlango wa Mirihi. Kulikuwa na vimondo vichache vya ajabu vilivyoonekana kuwa vichanga mno kuweza kutoka kwenye magimba madogo, ambayo yalipoa zamani sana. Kimoja kilianguka Shergotty, India, mwaka 1865. Kingine kilianguka tarehe 28 Juni 1911 huko El Nakhla, Misri, vipande vipatavyo 40 vyenye jumla ya kilo 10 hivi. Kingine kilianguka Zagami, Nigeria, mwaka 1962, kilo 18 katika shamba. Dhana ya kwamba vilitoka Mirihi ilikuwapo, lakini dhana si ushahidi. Mwaka 1983 Donald Bogard na Pratt Johnson wa NASA huko Houston walipima gesi zilizonaswa ndani ya kioo cheusi katika jiwe la jamaa hiyo lililookotwa Antaktika. Zililingana na hewa ya Mirihi kama ilivyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976. Njia ilikuwa ileile ya Heidelberg: liulize jiwe gesi zake, nalo litakwambia limetoka wapi.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Desemba 1984, Roberta Score, aliyekuwa katika msafara wa Wamarekani kwenye barafu ya Allan Hills, Antaktika, aliokota jiwe la karibu kilo mbili lililopewa jina la ALH84001. Liliwekwa katika kundi la diojeniti, ambalo pamoja na hawaditi kama ya Kapoeta hutoka katika gimba moja, asteroidi Vesta. Jiwe lililokuja kuwa maarufu kuliko yote ya Mirihi lilikaa kabatini kwa takriban miaka tisa likihesabiwa kuwa ndugu wa kimondo chetu. Mwaka 1993 ndipo David Mittlefehldt, aliyekuwa akizichunguza diojeniti, alipoona kwamba madini yake hayalingani na ya ukoo huo, akalitambua kuwa la Mirihi. Kosa lile lingedumu kama watu wasingeujua vizuri ukoo wa Vesta, na Kapoeta ni sehemu ya ujuzi huo.

Umri wa ALH84001 ni karibu miaka bilioni 4.1. Liling'olewa Mirihi kwa mshindo wa kugongwa kiasi cha miaka milioni 16 iliyopita, likazunguka angani, kisha likaanguka Antaktika yapata miaka 13,000 iliyopita. Ndani ya nyufa zake mna vidonge vidogo vya kabonati, madini yanayojengeka penye maji. Agosti 1996 David McKay, Everett Gibson na wenzao walitangaza kwamba wameona humo mambo manne kwa pamoja: kabonati zenyewe, molekuli za kaboni, fuwele ndogo za sumaku zinazofanana na zile zinazotengenezwa na bakteria fulani duniani, na maumbo membamba kama minyoo. Kila moja peke yake lingeweza kuelezwa vinginevyo, walisema, lakini yote manne yakikutana, uhai wa kale ndio maelezo mepesi zaidi. Rais Bill Clinton alizungumza juu ya jiwe hilo mbele ya waandishi wa habari, na dunia nzima ikasikia.

Ubishi uliofuata ulikuwa mkali na wa manufaa. Wengine walionyesha kwamba maji ya barafu ya Antaktika yaliingiza kaboni ya duniani ndani ya jiwe. Wengine walipasha moto kabonati maabara na kupata fuwele za sumaku bila bakteria yeyote. Maumbo ya minyoo yalionekana kuwa madogo mno kuweza kubeba vinavyohitajika na kiumbe hai. Mwaka 2022 Andrew Steele na wenzake walionyesha kwamba molekuli za kaboni za jiwe hilo zilitokana na maji kukutana na miamba ya Mirihi, kemia tupu isiyohitaji uhai. Wanasayansi wengi leo hawakubali kwamba ALH84001 lina masalia ya viumbe. McKay na wenzake hata hivyo waliilazimisha dunia ijiulize kwa makini ni alama gani inayoweza kuachwa na uhai peke yake, na uchunguzi wa Mirihi wa leo umejengwa juu ya swali hilo.

Julai 2011 kwetu Juba ni mwezi wa uhuru: tarehe 9 bendera ilipandishwa. Tarehe 16 ya mwezi huohuo chombo cha anga cha Dawn kilianza kuizunguka Vesta, na vipimo vyake vikathibitisha uhusiano wa gimba hilo na mawe kama la Kapoeta. Siku hiyohiyo kimondo kilianguka Thika, Kenya. Tarehe 18 jiwe la Mirihi likaanguka Tissint, Morocco, likaokotwa likiwa bado safi kuliko mengi yaliyotangulia.

Usafi huo una thamani kubwa. Udhaifu mkubwa wa ushahidi wa 1996 ulikuwa ile miaka 13,000 ambayo jiwe lililala barafuni. Jiwe linaloonekana likianguka na kuokotwa mapema humwondolea mtafiti nusu ya mashaka. Majirani zetu wa Sudan wameonyesha inavyofanyika. Oktoba 2008 asteroidi ndogo, iliyoonwa angani chini ya siku moja kabla, iliripuka juu ya jangwa la Nubia. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum aliwaongoza wanafunzi, pamoja na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens, wakapanga mstari na kutembea jangwani wakiokota. Walipata mamia ya vipande, na baadaye ndani yake zilikutwa asidi za amino zisizotoka duniani.

Sudan Kusini inaweza kufanya vivyo hivyo, na haihitaji mashine za bei kubwa kuanza. Aliyeona jiwe likianguka aandike saa na mahali, apige picha kabla ya kuligusa, asilioshe wala kulishika kwa mikono mitupu, alifunge katika karatasi ya alumini safi na kulipeleka kwa wanajiolojia wa chuo kikuu au wizara ya madini. Watoposa wachungao mifugo wanajua kila jiwe la njia zao, na wachekechaji dhahabu wana macho yaliyozoea kutenganisha chembe na chembe. Hao ndio wa kwanza wa kufundishwa.

Huko Mirihi, chombo cha Perseverance kimechukua sampuli ya mwamba wenye madoa yaliyotangazwa mwaka 2025 kuwa huenda ni alama ya uhai wa kale. Sampuli hiyo bado iko huko. Mpaka itakapoletwa, mawe ya Mirihi tuliyo nayo mkononi ni yale yaliyokuja yenyewe, na mengi ya yaliyoonekana yakianguka yaliangukia Afrika. Mwanafunzi wa Juba anapaswa kusoma habari za Kapoeta katika somo la sayansi, ajue kwamba nchi yake imo katika utafiti huu tangu 1942, na aingie maabara akiwa na haki ileile ya kuuliza kama mwenzake wa Houston.