Bodaboda na Mpaka wa Chai: Roret na Jirani Zake

Roret ni mji mdogo wa Bureti, katika kaunti ya Kericho, uliozungukwa na vilima vya chai. Kusini mwa Bureti kuna Sotik na mashariki kuna Konoin, ambazo zote ziko kaunti ya Bomet. Kati ya kaunti hizi mbili hakuna kizuizi wala ofisi ya forodha. Kinachomzuia mtu kuvuka ni mvua.

Mpaka wenyewe ni kazi ya serikali, na umehamishwa zaidi ya mara moja. Wakipsigis, wenyeji wa pande zote mbili, walikuwa chini ya wilaya moja ya Kericho hadi Bomet ilipotengwa mwaka 1992. Baadaye Bureti na Konoin ziliunganishwa katika wilaya ya Buret, makao yake makuu yakiwa Litein. Katiba ya 2010 iliirudisha Bureti Kericho na kuipeleka Konoin Bomet, ingawa ndoa, masoko na makanisa ya pande hizo yaliendelea kama kawaida.

Kilimo cha chai kilianza Kericho katika miaka ya 1920, kwenye mashamba makubwa ya kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Wakulima wadogo waliruhusiwa kwa wingi baadaye sana, na mwaka 1964 wakapata shirika lao, KTDA. Jani bichi halisubiri: likichumwa asubuhi, yapasa lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Kwa muda mrefu lilifika kituo cha kununulia mgongoni mwa mwanamke au juu ya punda, kisha likachukuliwa na lori la kiwanda.

Biashara ya bodaboda, yaani kubeba abiria kwa baiskeli, ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Huko ardhi ni tambarare. Kwenye miteremko ya Bureti baiskeli iliyobeba mzigo ilisukumwa kuliko ilivyoendeshwa, kwa hiyo mabadiliko makubwa yalisubiri pikipiki. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, na zile za bei nafuu kutoka India na China zikaenea hadi vijijini. Vijana waliokuwa wakichuma chai kwa kibarua wakapata kazi nyingine stejini.

Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii na kuleta mvua alasiri, mara nyingi ikiandamana na mvua ya mawe, ambayo Kericho inapata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Udongo mwekundu unaostawisha chai ndio unaoteleza. Dereva mzoefu hushuka mteremko kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili ikiburura chini ndani ya gambuti, bila kugusa breki ya mbele. Matope yakijaa chini ya madigadi gurudumu hukwama, na hapo hushuka kuyachokoa kwa kijiti huku abiria akitembea hadi juu ya kilima. Nauli hupanda siku kama hiyo, na ni haki ipande.

Pikipiki pia imempa mkulima uchaguzi. Malipo ya kiwanda kimoja yakiwa duni, wachuuzi hubeba majani usiku au alfajiri hadi kwa mnunuzi mwingine, hata ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Viwanda vya wakulima hulalamika, kwa kuwa vilimkopesha mkulima mbolea. Mkulima naye hutazama fedha taslimu mkononi. Bila bodaboda, biashara hii isingefika mbali.

Katiba ya 2010 inaziachia kaunti barabara zake. Njia zinazovuka kutoka Bureti kwenda Sotik na Konoin zina kaunti mbili za kuzitunza, na Kericho na Bomet zinapaswa kukubaliana kutengeneza makalvati na kumwaga changarawe pande zote mbili kabla ya mvua za Machi.