Usafishaji wa vipuri vya injini ya gari

Usafishaji wa vipuri vya injini ni kazi ya kuondoa oili iliyoganda, masizi, kutu na mabaki ya gasketi kwenye sehemu za metali, kisha kuzipa umalizio wa kuzikinga. Hufanyika hasa injini inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa. Ufa mwembamba wa silinda hedi hauonekani chini ya utando wa oili, na vali yenye masizi haizibi sawasawa.

Kutambua metali

Dawa huchaguliwa kwa kufuata metali. Bloku nyingi za zamani ni chuma cha kusubu. Pistoni na silinda hedi za magari mengi ya kisasa ni alumini. Sumaku hunasa chuma, hainasi alumini. Kosa hapa ni ghali: kostiki soda hung'oa grisi kwenye chuma bila kukidhuru, lakini huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Kuosha

Mafuta ya taa hulainisha grisi. Petroli haifai, kwani mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Baada ya hapo kipuri huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na njia za oili husuguliwa kwa brashi nyembamba na kupulizwa kwa kompresa. Matundu ya bolti yasiyotokea upande wa pili hukaushwa kabisa: kimiminika hakishindiliki, hivyo bolti ikikazwa juu yake inaweza kupasua bloku. Chuma kilichooshwa hupakwa oili papo hapo, kwa sababu kutu huanza ndani ya muda mfupi.

Kukwangua na kupuliza

Gasketi iliyoganda juu ya alumini hubanduliwa kwa kikwangulio cha plastiki au mbao. Bisibisi huacha mikwaruzo inayovujisha. Diski za kusugulia zenye chembe za oksidi ya alumini hung'arisha haraka, lakini chembe hizo zikiingia kwenye oili huharibu beringi.

Kupuliza mchanga huleta vumbi la silika linalosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Mbadala wake ni shanga za kioo au bikaboneti ya soda. Bikaboneti ilitumika miaka ya 1980 kuondoa lami ndani ya Sanamu ya Uhuru mjini New York bila kuumiza shaba yake. Faida yake kwa injini ni kwamba mabaki yake huyeyuka kwenye maji.

Umalizio

Bloku ya chuma hupakwa praima na rangi ya injini, huku nyuso za gasketi na matundu yote yakizibwa kwa tepu. Manifoldi ya ekzosi inaweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi, hivyo huhitaji rangi maalumu ya joto kali. Alumini inaweza kuachwa wazi, kwa kuwa oksidi yake yenyewe huikinga. Bolti hupakwa zinki au fosfeti.

Kipimo cha usafi

Mng'ao wa nje si kipimo. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa oili safi hupitishwa ndani ya silinda. Kikitoka na weusi, silinda huoshwa tena, na injini haifungwi mpaka kitoke kisafi.