Dohani za Pwani ya New England
Katika makazi ya mwanzo ya walowezi wa Kiingereza huko New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, dohani nyingi, yaani njia za kutolea moshi wa mekoni juu ya paa, zilijengwa kwa miti iliyokandikwa udongo, hadi moto wa mwaka 1631 ulipoifanya Boston ipige marufuku dohani za mbao na mapaa ya nyasi. Matofali yaliposhika nafasi hiyo, mara nyingi mafundi waliyaunganisha kwa udongo ndani ya nyumba, na kwa chokaa, ambayo pwani ilipatikana kwa kuchoma makombe ya chaza, katika sehemu iliyochomoza nje.

Sehemu hiyo ndiyo iliyoumia zaidi, kwani wakati wa baridi maji yaliyopenya matofalini yaliganda na kutanuka, huku chumvi ya bahari ikifanya fuwele zilizobambua uso wa tofali. Kwa hiyo fundi alikwangua viungo vilivyolegea, akavijaza chokaa mpya iliyo laini kuliko tofali, ili kinachochakaa kiwe kile kinachobadilishika kwa urahisi. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824 na kuenea Marekani mwishoni mwa karne ya 19, ilivuruga utaratibu huo, kwa kuwa ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi, hivyo iliuzuia unyevu kutoka kupitia viungoni, na matofali yenyewe yakaanza kumeguka.