Nafasi ndani ya Sanduku: Orodha na Ubeti katika Uchapaji wa LaTeX

Katika uchapaji wa kale nafasi tupu ilikuwa kitu cha kushikika mkononi. Mpangaji wa herufi alipachika vibanzi vya risasi kati ya mistari. Alipobanwa na kimo cha ukurasa, aliondoa kimoja au kuongeza kingine. Jicho lilipima, mkono ukarekebisha. Kompyuta ilipoirithi kazi hiyo, ilibidi iambiwe kwa tarakimu jambo ambalo jicho lilikwisha kulijua. Ugumu wa urithi huo unaonekana wazi pale orodha inapowekwa ndani ya sanduku.

Mnamo mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliona kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake juu ya sayansi ya kompyuta. Toleo la mwaka 1969 lilipangwa kwa herufi za risasi. Jipya lilipangwa kwa njia ya picha, na uzuri wake ukapungua. Ndipo akaanza kutunga programu ya TeX. Humo herufi ni sanduku, mstari ni sanduku la herufi, na ukurasa ni sanduku la mistari. Kati yake hukaa kitu alichokiita gundi, ingawa alikiri kwamba kinafanana zaidi na kamani: kina kipimo chake cha asili, tena chaweza kuvutika au kubanwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga LaTeX juu ya msingi huo, na kitabu chake cha maelezo kikatoka mwaka 1986. Kusudi lake lilikuwa kumpunguzia mwandishi kazi ya mchapaji: mwandishi aseme tu «hii ni orodha», na vipimo vijipange. Kwa herufi za pointi 10, nafasi kabla ya orodha na baada yake ni pointi 8, yaani karibu milimita 3. Yaweza kuongezeka kwa 2 au kupungua kwa 4. Kati ya kipengele na kipengele huwekwa pointi 4 mara mbili.

Ukurasa una kimo maalum, kwa hiyo kamani hufanya kazi. Sanduku la kawaida, kinyume chake, hufuata kimo cha yaliyomo. Hakuna kinachovuta wala kubana, na kila nafasi hubaki na kipimo chake cha asili. Lamport aliona sehemu ya tatizo hili: orodha inayoanza sanduku haiwekewi nafasi juu, na nafasi ya mwisho hufutwa. Lakini sentensi moja ya utangulizi ikitangulia orodha, pointi 8 hurudi zote, na sanduku dogo huonekana limepasuka katikati.

Watumiaji wengi walijitibu kwa kuingiza nafasi hasi, dawa iliyoharibika kila ukubwa wa herufi ulipobadilishwa. Baada ya LaTeX2e kutolewa mwaka 1994, nyongeza ziliendelea kuboreshwa. Ile ya Javier Bezos, enumitem, huondoa nafasi zote za wima za orodha kwa neno moja, «nosep». Na tcolorbox ya Thomas F. Sturm huruhusu sanduku kubeba kanuni itakayotiiwa na kila orodha iliyomo.

Hata hivyo, kufuta si kutawala. Mazingira ya mashairi katika LaTeX yamejengwa juu ya orodha ileile. Kinachotenga ubeti na ubeti ni nafasi ya aya, «parsep», ambayo ni pointi 4 tu kwa herufi za pointi 10. Mhariri akiifuta kwa orodha zote ili masanduku yake yabanane, beti za utenzi zitaungana, na msomaji atalazimika kutafuta kina cha bahari ili ajue ubeti umeishia wapi. Kinachofaa ni kupunguza nafasi kwa orodha husika peke yake, na kuhakikisha kwamba pengo kati ya vipengele linazidi lile la kati ya mistari. Nafasi nayo ni alama ya uandishi. Ikiondolewa pasipo kupimwa, maana huondoka nayo.