SIYO LAZIMA UFIKE ITALIA: KANISA LA BUJORA NA MAFUNDI WASIOTAJWA

Mdau, ukiingia Instagram hukosi picha ya mtu yuko Italia, kainua shingo anashangaa dari la kanisa. Lile la Sistine Chapel kule Vatikano lilichorwa na Michelangelo kati ya 1508 na 1512. Miaka 500 imepita, fundi bado anatajwa kwa jina.

Sasa panda basi hapo Kahama. Kutoka Nyasubi unapita Shinyanga mpaka Mwanza, halafu unashika barabara ya Musoma hadi Kisesa. Hapo ndipo ilipo Bujora. Kuna kanisa Katoliki la duara, mfano wa nyumba ya Kisukuma, na mapambo yake ni alama za utemi: ngoma, mkuki na ngao.

Usichukulie poa. Wamisionari wa White Fathers walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Enzi hizo ukibatizwa, mambo mengi ya mababu yalihesabiwa upagani, unayaacha nje ya mlango. Miaka ya 1950 padre wa shirika hilohilo, David Clement kutoka Quebec, Kanada, akaja na lake pale Bujora: ngoma iingie kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokuja kuzipa tamaduni nafasi zaidi, ulikuwa hata haujaanza. Ulianza 1962. Mpaka leo sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni inaenda pamoja na Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu.

Mwaka 1963 serikali ikafuta utemi. Ngoma za watemi zikabaki hazina mwenyewe, na baadhi ziko palepale Bujora, kwenye makumbusho, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha mtemi.

Ila hapa ndipo panapouma. Jina la padre unalipata haraka tu mtandaoni. Je, aliyechimba gogo likawa ngoma? Aliyewamba ile ngozi? Aliyechonga kiti cha mtemi? Hao ndio akina Michelangelo wetu, na majina yao yako kwenye vichwa vya wazee wachache. Mzee akiondoka, jina nalo linakwenda.

Kwenu kuna babu aliyechonga ngoma au bibi aliyesuka vikapu? Muulize nani alimfundisha, kisha andika jina hilo hapo chini kwenye komenti. Angalau libaki mahali.